Binti yangu alimsifia Mskoti "sketi" yake ndani ya basi: je, walikosa adabu?

Swali, kwa ufupi: Msomaji wetu ni mama kutoka Tanga anayeishi Glasgow, Uskoti, na watoto wawili, binti wa miaka mitatu na nusu na kaka yake wa miaka sita. Jumamosi moja walikuwa ndani ya basi, akapanda bwana aliyevaa mavazi kamili ya Kiskoti, kilti (nguo ya marinda inayofungwa kiunoni na kuishia gotini) na vyote vinavyoandamana nayo, anaelekea harusini. Binti akapaza sauti: "Sketi yako nzuri! Na mkoba wako una manyoya!" Yule bwana akacheka, akashukuru. Kaka mtu akakunja uso: "Wanaume hawavai sketi." Mama akawanyamazisha wote wawili, na kwa aibu akashuka kituo kimoja kabla ya chao. Alipomsimulia bibi yao kwa simu, bibi alicheka hadi akakohoa: "Mwanaume na sketi! Dunia imekwisha." Sasa Januari inakaribia, na shule imeomba watoto waje na vazi lolote la tartani, kile kitambaa cha mirabaraba cha Kiskoti, siku ya kumkumbuka mshairi wa Uskoti Robert Burns. Kijana amekataa katakata. Mama anauliza: walikosa adabu? Amjibu nini kila mmoja? Na amlazimishe kijana?

Jibu:

Dada yangu, nianze na lile linalokukosesha usingizi. Hapana, hawakukosa adabu. Binti alimsifu mtu mzima kwa sauti iliyo wazi, na aliyesifiwa akafurahi. Kijana alitaja kanuni anayoamini kuwa ni ya kweli. Hakuna aliyemdharau yule bwana. Kama kuna jambo lililowaambia watoto kwamba pale pana kitu cha aibu, ni ile "shh!" yako na ule mshuko wa ghafla. Nakuambia hivi kwa sababu nimewaona wazazi wengi wema wakifanya vivyo hivyo, kwa nia ya kulinda heshima, na mtoto akaondoka na funzo ambalo mzazi hakukusudia kulitoa: mwanaume aliyevaa vile hatazamwi wala hatajwi.

Nitakueleza kwanza kilichokuwa kikiendelea kichwani mwa kila mmoja, maana majibu yao mawili yana asili tofauti kabisa, na dawa yake si moja.

Chuchumaa sakafuni hadi ufikie kimo cha binti yako. Mtoto wa umri wake ana urefu wa kama mita moja hivi. Mwanaume mzima akisimama mbele yake, kinachomkabili usoni ni sporani, ule mfuko unaoning'inia kwa mnyororo mbele ya kilti. Sporani ya harusini mara nyingi huwa na manyoya, na juu ya manyoya vishada vinavyoyumba kila mwenyewe akipiga hatua. Akishusha macho kidogo anaona pindo la kilti linaloishia gotini, kisha soksi nene za sufi zilizokunjwa chini ya goti, kiutepe cha rangi kikichungulia ubavuni, na katika soksi moja mpini wa kisu kidogo. Nguo yenyewe ni sufi nzito. Kilti ya kawaida ya mwanaume hushonwa kwa yadi 8, zaidi kidogo ya mita 7, na sehemu kubwa ya hizo imekunjwa marinda nyuma. Mvaaji akigeuka, marinda yote yanafunguka na kufunga. Katika basi lililojaa makoti meusi, hicho ndicho kitu cha kutazama. Binti yako alikitazama, akakipenda, akasema.

Nimefanya kazi na watoto wa chekechea hapa Uskoti kwa muda mrefu, na wageni waliovaa kilti hawakosekani: baba wa mtoto siku ya sherehe, mpiga zumari la mfuko, bwana harusi anayepita uani. Maswali ya watoto wa miaka mitatu na minne karibu yote yanahusu vitu. Ndani ya mfuko mna nini? Hayo ni manyoya ya mnyama gani? Magoti hayasikii baridi? Naweza kukishika kisu? Lile swali ambalo watu wazima hulirudia kwa kicheko miaka nenda miaka rudi, la alichovaa mtu chini ya kilti, mtoto wa umri huo halileti kama mzaha. Akiliuliza, anataka kujua tu, na ukimjibu "amevaa nguo zake za ndani, kama wewe", anarudi kwenye sporani.

Watu huona hayo wakasema mtoto mdogo haoni tofauti. Anaiona vizuri sana. Mtoto hutofautisha uso wa mwanamke na wa mwanaume kabla hajatimiza mwaka, na kufikia miaka mitatu wengi wanaweza kusema wao ni wavulana au wasichana bila kusita. Binti yako alijua kabisa kwamba aliyesimama mbele yake ni mwanaume, na alijua anachokiita sketi. Kilichokosekana kwake ni hukumu. Vitu viwili hivyo vilikutana mbele yake na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba vikikutana lazima mtu acheke. Ndiyo maana nashikilia kwamba uzuri wa jibu lake unastahili kulindwa, na kulilinda hakuhitaji ufundi mwingi.

Tuje kwa kijana, maana hapa ndipo wazazi wengi hukosea kumwelewa mtoto.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani Lawrence Kohlberg alieleza kwamba mtoto hujifunza jambo hili kwa hatua. Kwanza anajua yeye ni nani, mvulana au msichana. Baadaye anaelewa kwamba atabaki hivyo akikua. Mwisho kabisa, mara nyingi kwenye miaka sita au saba, ndipo anapoelewa kwamba hata ukibadilisha nguo au nywele, mtu habadiliki. Mwanasaikolojia mwingine, Sandra Bem, akaja kulipima tena hilo, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake: aliwaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi mitano picha za mtoto akiwa mtupu, kisha picha za mtoto yuleyule akiwa amevalishwa nguo na nywele za jinsia nyingine, akauliza sasa huyu ni mvulana au msichana. Takriban 40 kati ya 100 walijibu sawasawa kwamba ni yuleyule. Waliojua kwamba tofauti iko mwilini ndio waliofaulu zaidi. Bem mwenyewe alisimulia jinsi mwanawe alivyokwenda chekechea amebana nywele kwa vibanio, na mtoto mwenzake akamshikilia siku nzima kwamba yeye ni msichana, kwa kuwa wasichana tu ndio wanaovaa vibanio.

Msome mwanao kwa taa hiyo. Kama mtoto bado hana uhakika kamili kwamba nguo haiwezi kumgeuza, basi kuambiwa avae kilti shuleni ni jambo zito. Anailinda nafsi yake. Ule uso aliokunja ndani ya basi ulikuwa na wasiwasi zaidi kuliko dharau.

Tena kanuni yake ameitoa mahali halisi. Watafiti Carol Martin na Diane Ruble waliwaita watoto wa umri huu wapelelezi, kwa jinsi wanavyotafuta kila dalili ya nini ni cha kike na nini ni cha kiume. Sasa angalia ushahidi aliokusanya mpelelezi wako hapo Glasgow. Kila asubuhi anawaona wasichana wa shule wamevaa sketi za marinda, nyingi za mirabaraba ya tartani. Mashindano ya ngoma za Nyanda za Juu za Uskoti yamejaa wasichana wanaorukaruka ndani ya kilti. Wanaume anaowaona siku za kazi wamevaa suruali. Angefikia uamuzi gani mwingine? Kwa ushahidi huo, amefikiri vizuri.

Na ukali huu una msimu wake. Utafiti uliofanywa Ujerumani na Hanns Martin Trautner na wenzake, uliowafuata watoto walewale kwa miaka kadhaa, ulionyesha kwamba msimamo mkali kuhusu mambo ya kike na ya kiume hufika kileleni kwenye miaka mitano hadi sita, kisha hulegea katika miaka inayofuata, hata kwa waliokuwa wakali mno. Kijana wako yuko palepale kileleni. Huna haja ya kumvunja. Una haja ya kuhakikisha kwamba kanuni yake inapolegea, isiwe imeshageuka dharau.

Hapo ndipo mkubwa anapoingia. Mtafiti Rebecca Bigler na wenzake waliwavalisha watoto wa shule fulana za rangi mbili, za bluu na za njano. Katika madarasa ambayo walimu waliitumia rangi kuwapanga, kuwaita na kuwakalisha, baada ya wiki chache watoto walianza kuliona kundi lao kuwa bora. Katika madarasa ambayo walimu hawakuzijali fulana, hilo halikutokea vile. Watoto wote waliona rangi. Walioifanya iwe na maana ni wakubwa waliosimama mbele ya darasa.

Vazi la Kiskoti lenyewe linathibitisha hilo kwa historia yake. Baada ya vita vya Culloden vya Aprili 1746, ambamo jeshi la mfalme liliwashinda waasi wa Uskoti, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu. Sheria iliwataja wanaume na wavulana pia. Kosa la kwanza lilikuwa jela miezi sita, la pili kupelekwa ng'ambo kutumikia miaka saba. Wanajeshi wa mfalme peke yao ndio walioruhusiwa. Ilikaa hadi 1782. Halafu mwaka 1822 Mfalme George IV akaja Edinburgh, mwandishi Walter Scott akiwa mpangaji mkuu wa sherehe, na mfalme mwenyewe akavaa kilti. Vazi lililokuwa likimtia mtu gerezani likawa vazi la heshima la taifa zima. Malkia Victoria naye aliwavalisha wanawe kilti, na familia nyingi za Kiingereza zikaiga kwa watoto wao wa kiume. Kilti ilibaki kilti miaka yote hiyo. Wakubwa ndio waliokuwa wakibadilisha kauli.

Nikuongezee moja, maana bibi yao atalipenda: kwa karne nyingi wavulana wadogo wa Ulaya na Marekani walivaa magauni hadi walipofika miaka minne, mitano, wengine hata saba, ndipo wakavishwa suruali ya kwanza kwa sherehe ya nyumbani. Iko picha ya 1884 ya Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akiwa mtoto wa miaka miwili na nusu, nywele ndefu na sketi nyeupe. Wazazi wake hawakuona kioja chochote.

Sasa maneno ya kusema. Siku nyingine binti akisifu, msaidie kuimaliza sifa yake. "Ndiyo, ni nzuri. Inaitwa kilti. Muulize bwana anakwenda wapi." Umempa jina la kitu, umempa njia ya kuzungumza na mtu, na umemwonyesha kwamba mama hana wasiwasi. Waskoti wengi waliovaa hivyo wamevaa kwa furaha ya siku hiyo na watakuambia habari hadi kituo cha mwisho. Nakuomba usikimbilie kumsahihisha kwa ukali, "Si sketi hiyo!", kana kwamba amemtukana mtu. Mtoto atasikia kwamba sketi ni tusi, naye mwenyewe anavaa sketi.

Kuna adabu moja ambayo lazima afundishwe, na ni muhimu kuliko zote: macho ni ruhusa, mikono si ruhusa. Asishike sporani bila kuuliza, na kamwe asiinue nguo ya mtu. Wanaume wanaovaa kilti husumbuliwa sana na watu wazima waliolewa wanaojifanya wanatania kwa kuinua pindo. Ni udhalilishaji, na mtoto anayejua tangu mdogo kwamba nguo ya mtu ni mpaka wa mwili wake atakua akijua hivyo kwa kilti, kwa gauni, kwa baibui, na kwa nguo yake mwenyewe.

Kwa kijana, jihadhari na sentensi za jumla. Watafiti Marjorie Rhodes na Sarah-Jane Leslie, pamoja na mwenzao, walionyesha kwamba watoto wa miaka minne wakisikia kundi likizungumzwa kwa jumla, "watu wa aina fulani hufanya hivi", huanza kuamini kwamba tabia hiyo imo ndani ya damu ya kundi hilo. Kwa hiyo usimjibu "Wanaume hawavai sketi" kwa "Waskoti huvaa sketi", maana umempa tu kanuni nyingine ya kuwatenga watu. Zungumza juu ya mtu mmoja, siku moja, sababu moja. "Yule bwana amevaa kilti kwa sababu rafiki yake anaoa leo. Kesho akienda kazini huenda akavaa suruali." Kisha mwongezee ushahidi, maana mpelelezi habadilishi mawazo kwa kuhubiriwa. Mpitishe mtaa wa Buchanan, mara nyingi utamkuta mpiga zumari amesimama pale na kilti yake. Siku ya mechi ya raga ya Uskoti, mwonyeshe mashabiki. Mwezi wa Agosti bendi za zumari kutoka nchi nyingi hukusanyika katika bustani ya Glasgow Green kwa mashindano ya dunia. Mpeleke asikie ngoma zikimgonga kifuani, aone mamia ya wanaume na wanawake wamevaa vazi moja.

Na ushahidi ulio karibu zaidi uko nyumbani kwenu. Ninyi ni watu wa Tanga. Babu yao akitoka kuoga hujifunga nini? Ijumaa akienda msikitini huvaa nini? Kitambaa kilichozungushwa kiunoni bila miguu miwili ya suruali si kigeni kwa mwanaume wa pwani. Kikoi kimelala na kuamka naye, na kanzu imemsindikiza kwenye harusi na maziko. Mwombe bibi atume picha ya babu barazani na kikoi chake. Mpe kijana aitazame, usitoe hotuba. Ukitaka kumwambia bibi neno, mwambie yeye ndiye aliyekuwa akizifua hizo kanzu. Atacheka tena, na safari hii mtoto akisikia kicheko chake kwenye simu, kitakuwa kicheko cha kumtaja babu. Zungumza naye kwa heshima, ila zungumza naye, kwa sababu kicheko cha bibi kina uzito mkubwa kwa mjukuu kuliko utafiti wowote niliokutajia hapa.

Limebaki la shule. Usimlazimishe. Mtoto anayevalishwa kwa nguvu nguo anayoamini itamfanya achekwe atajifunza kuichukia nguo hiyo, na mtu yeyote aliyeivaa. Shule imeomba tartani, haikusema lazima iwe kilti. Kuna tai ya tartani, kuna skafu, kuna suruali za tartani ambazo Waskoti wenyewe wamezivaa kwa karne nyingi na vikosi vya jeshi huzivaa hadi leo. Mpe achague mwenyewe kati ya hizo. Akifika darasani akawaona wavulana wenzake sita au saba na kilti, wanacheza ngoma na hakuna aliyegeuka msichana, huo utakuwa ushahidi mzito kuliko maneno yako yote. Mwakani usishangae akiitaka mwenyewe.

Uliuliza pia, pembeni, kama ninyi wageni mna haki ya kuvaa vazi la watu. Mna haki, na wengi watafurahi kuwaona. Tartani nyingi hazina mlinzi. Zipo za ukoo, za wilaya, za miji, na zipo zilizobuniwa ili avae yeyote asiye na ukoo wa Kiskoti. Chache sana ndizo zenye mwiko, mfano ile ya Balmoral ambayo desturi inaiacha kwa familia ya kifalme na mpiga zumari wa mfalme. Duka la mavazi litakuongoza.

Binti naye ataitaka, nina hakika, hasa yenye sporani. Mpe. Za watoto huwa na mpira kiunoni na kitambaa chepesi, hazina uzito wa zile yadi 8, na maduka mengi ya mitumba ya hisani huwa nazo kuanzia mwisho wa Desemba. Angalia sehemu bapa ikae mbele, marinda nyuma, pindo lifike katikati ya goti. Mvalishe soksi ndefu na taiti ndani, maana Januari ya Glasgow haina huruma, na uani watakaa wanasubiri zumari lianze.